Jino Lililozibwa Mara Tatu

Ndugu msomaji, liko gego moja kinywani mwangu, upande wa chini kulia, ambalo limekwisha kuzibwa mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari jijini Dar es Salaam. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha kuajiriwa na kurudi nyumbani Arusha. Mara ya tatu nilikuwa na mimba ya mwanangu. Kila mara nilikaa kitini, nikapanua kinywa, kekee ikalia, tundu likazibwa, nikalipa, nikaambiwa nisitafune upande ule kwa muda, nikaenda zangu. Sikuulizwa hata mara moja nakunywa nini, nalala baada ya kufanya nini, wala nimekulia wapi. Mahali nilikotibiwa sitapataja, kwani sikusudii kumshitaki mtu, na kwa hakika kazi ya mikono yao ilikuwa nzuri. Ila tundu lilirudi, na lilirudi palepale pembeni mwa kizibo.

Nisingethubutu kukuchosha Jumapili hii kwa habari za gego langu lau si mwanangu huyo. Sasa ana umri wa miaka mitano na nusu. Usiku mmoja wa masika alikuja kitandani kwetu akilia, ameshika shavu. Baba yake akawasha tochi. Katika magego mawili ya chini tuliona matundu meusi, na moja lilikuwa limekwisha kula karibu nusu ya jino. Tulimpa dawa ya kutuliza maumivu, akalala kifuani pangu hadi alfajiri. Mimi sikupata usingizi. Nilikuwa nikifikiri juu ya amri moja niliyoitoa mwenyewe nyumbani mle, ambayo tangu mtoto aote jino la kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: dawa ya meno isiguse kinywa chake.

Ili unielewe, ingefaa uyaone meno yangu, na kwa kuwa hilo haliwezekani gazetini, yanipasa nikueleze. Nilizaliwa na kukulia upande wa Maji ya Chai, kando ya barabara iendayo Moshi, chini ya Mlima Meru. Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia kama gome la mdalasini, na mawili ya juu yana vishimo vidogovidogo. Kwetu hilo si ajabu. Shuleni tulikuwa hivyo wengi, tukicheka bila haya, na mwenye meno meupe ndiye aliyeulizwa ametoka wapi. Haya niliijua Dar es Salaam. Siku ya kwanza bwenini, kabla sijataja jina langu, msichana mwenzangu aliniambia, "Wewe bila shaka umetoka Arusha." Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku ile nilijifunza kucheka huku kiganja kikiwa mdomoni, na ukizitazama picha za harusi yangu utadhani bibi arusi alikuwa na msiba.

Nilijaribu kila nilichoambiwa. Nilisugua mkaa uliotwangwa, nikasugua majivu, chumvi na ndimu. Rangi haikutoka hata kidogo, maana haikukaa juu ya jino. Imo ndani ya jino lenyewe. Kilichotoka, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, ni gamba la jino.

Basi mtoto wangu alipozaliwa nilisoma maandishi madogo ubavuni mwa bomba la dawa ya meno, nikakuta neno floraidi. Neno hilo nilikuwa nalifahamu tangu utoto. Ndilo jina la madini yaliyomo katika maji ya kwetu, yale yaliyotutia rangi. Hesabu ilikuwa nyepesi: yaliyoharibu meno ya mama hayataingia kinywani mwa mwana. Nikampa mswaki na maji matupu. Nilijiona mama mwerevu kuliko wote mtaani.

Daktari wa meno tuliyempata safari hii alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuongea taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Baada ya kumtazama mtoto hakuchukua kekee, alichukua kalamu. Alianza kuniuliza maswali, na yalikuwa mengi kiasi kwamba mimi, niliyezoea kuwauliza wengine, nilianza kutokwa jasho. Mtoto alikaa wapi miaka yake ya kwanza? Alikunywa maji ya wapi? Nani humsafisha meno, na saa ngapi? Hulala na chupa? Ya nini? Hula kitu kitamu mara ngapi kwa siku? Kisha akanigeukia mimi. Je, wewe mama, una jino lililotoboka? Limezibwa mara ngapi?

"Mara tatu, daktari," nikamjibu.

"Lilelile?"

"Lilelile."

Akaandika. Nilihisi kama mtu aliyekutwa na kosa.

Nilimweleza basi, kwa fahari kidogo, kwamba dawa ya meno nimemkataza kwa sababu ya floraidi. Hakunicheka. Aliuliza tena habari ya miaka ya kwanza, nami nikamwambia kweli: kwa kuwa kazi ya gazeti haina saa, mtoto alilelewa na mama yangu kule Maji ya Chai tangu alipoacha kunyonya hadi alipotimiza miaka mitatu na ushei. Alikunywa maji ya kisima cha jirani. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "mlango ulioufunga siyo aliopitia mwizi."

Maneno hayo yalinichoma, na imenichukua wiki kadhaa za kusoma na kuuliza, kwa tabia ya kazi yetu, kuyaelewa sawasawa. Naomba niyafafanue, kwa sababu naamini katika nyumba nyingi za Arusha na Meru tumeyashika nusunusu.

Mlima Meru ni mlima wa volkano. Miamba na majivu yake yana floraidi, na maji yapitapo humo huichukua. Katika maziwa ya Momella, mle ndani ya hifadhi, kipimo hufika mamia ya miligramu katika lita moja, na kwa bahati hakuna anayeyanywa. Lakini mito, chemchemi na visima vingi wanavyotegemea watu pande zote za mlima navyo vimezidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri. Tanzania yenyewe, kwa uhaba wa maji mengine, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, na ni baadaye tu ndipo kiwango kiliposhushwa hadi 1.5. Kibaya ni kwamba jicho na ulimi haviwezi kupima. Wengi wetu tulidhani rangi ya mto wa Maji ya Chai ndiyo iliyotutia rangi meno, kumbe floraidi haina rangi, haina harufu, na maji meupe pe ya chemchemi yaweza kuwa nayo kuliko yale ya kahawia. Chemchemi mbili za mteremko mmoja zaweza kutofautiana sana. Wala kuchemsha hakusaidii: maji huvukizwa, floraidi hubaki, na kinachobaki sufuriani kimekolea zaidi.

Sasa, sikiliza jambo hili, kwani ndipo nilipokosea. Floraidi hutia jino rangi wakati jino lingali linaumbwa ndani ya ufizi, kabla halijachomoza, na hufika huko kwa kumezwa. Meno ya mbele ya ukubwani, yale yanayoonekana mtu akicheka, huumbwa katika miaka michache ya mwanzo, na mwaka wa pili na wa tatu ndiyo ya hatari zaidi. Baada ya umri wa miaka minane hivi, meno karibu yote yamekwisha kuumbwa magamba yake, na rangi haiwezi tena kuingia. Lakini jino likishachomoza, floraidi ikiligusa kwa nje hulitendea wema. Huingia katika gamba lililoanza kulainika na kuliimarisha. Madini ni yaleyale. Kitu kingine kabisa ni njia yanayopitia, umri wa anayeyapata na kiasi chake. Kwa hiyo mimi nilimwachia mwanangu kuyameza katika miaka ile mibaya, kikombe kwa kikombe, kisha nikamnyima yalipokuwa ya kumfaa.

Historia ya jambo hili ina kioja. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs huko Marekani, mji ulio chini ya mlima kama sisi, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Wenyeji walikuwa na sababu zao za kila aina. McKay aliifuatilia siri hiyo kwa miaka 30, hadi mwaka 1931 ambapo H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu, alipopima maji na kukuta floraidi nyingi. Lakini katika safari hiyo ndefu McKay alikuwa ameona jambo jingine: meno yale ya rangi hayakutoboka kwa urahisi. Ndipo watu wakaanza kujiuliza kama kiasi kidogo chaweza kukinga bila kuchafua, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwa makusudi katika maji ya bomba. Fikiri, ndugu msomaji: kule walikuwa wakiitia, na hapa tunahangaika kuitoa. Ushauri wa kinywa ulioandikwa kwa ajili ya mtoto wa Grand Rapids hauwezi kumkaa sawasawa mtoto wa Oldonyosambu.

Nusu ya habari ya McKay ilitufikia hata sisi kwa njia zake. Mjomba wangu alikuwa akisema, "Meno yetu ni ya chuma, hayatoboki." Huenda kwa babu zake maneno hayo yalikuwa na ukweli. Lakini babu zake hawakuwa na soda, biskuti wala pipi. Isitoshe, floraidi inapozidi sana gamba huwa dhaifu, likamenyeka na kuacha vishimo, na katika vishimo hivyo ukoga hukaa kama maji katika mashimo ya barabara. Mjomba mwenyewe alizikwa na meno manne.

Turudi kwa daktari na karatasi yake. Alinieleza kwamba tundu katika jino si ugonjwa. Ni alama ulioiacha ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni vita ya kila siku kinywani. Kila tunapoweka kitu chenye sukari, vijidudu waliomo katika ukoga huila na kutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha gamba la jino. Kisha mate huja, huiosha, na kurudisha madini yaliyopotea. Kazi hiyo ya mate huchukua nusu saa au zaidi. Mtu akila kitu kitamu mara tatu kwa siku, mate hupata nafasi. Akionja kila baada ya saa moja, mate hushindwa, hata awe anakula sukari ndogo. Na usiku, tukiwa tumelala, mate hupungua sana, ndiyo maana chupa ya maziwa yenye sukari kitandani ni adui kuliko keki ya sikukuu.

"Ukiziba tundu na vita ikaendelea," akasema, "umeweka bati jipya juu ya nyumba inayoungua."

Kwa hiyo wao, wale wanaofuata njia hii, huanza kwa kumpima mtu hatari yake kabla ya kuamua la kumfanyia. Hawampi kila mtu dawa moja na tarehe moja. Mtu mzima ambaye hajapata tundu jipya kwa miaka, anakula kwa saa, ana mate ya kutosha, huyo aweza kuonekana mara moja kwa mwaka, na asibughudhiwe. Aliyepata tundu jipya hivi karibuni, au aliyezibwa na kuzibwa tena, huyo yuko hatarini kwa ushahidi wa kinywa chake mwenyewe, na huitwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wapo wengine wasiojijua: mzee anywaye dawa za shinikizo la damu zinazokausha mate, mtoto mwenye magego yenye mifereji mirefu, mtoto wa mama mwenye matundu, kwa sababu vijidudu hao hupita kutoka kinywa cha mama hadi cha mwana katika kijiko kimoja cha kuonjea uji. Hilo la mwisho lilinifanya niinamishe kichwa. Uji wa mwanangu niliuonja kila siku.

Mwanangu aliandikwa katika hatari kubwa. Halikuwa tusi, wala hukumu. Jina hilo lilikuja na kazi za kufanya.

Magego yake mawili yalitibiwa siku ileile bila kekee. Daktari alitumia vyombo vya mkononi tu, vijiko vidogo vyenye makali, akaondoa sehemu laini iliyooza na kujaza saruji maalumu ya meno ambayo yenyewe hutoa floraidi kidogokidogo kulikinga jino pembeni. Mtoto alikunja uso mara mbili, basi. Niliporudi kusoma nilifurahi kujua kwamba njia hii haikutoka mbali. Ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya madaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kuziba meno vijijini kusikokuwa na umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia nzima, na leo watoto wa nchi tajiri nao hutibiwa hivyo kwa sababu wanaogopa mlio wa kekee kama wetu tu.

Kisha meno yaliyobaki yakapakwa vanishi ya floraidi, nyembamba, inayogandia jino bila kumezwa kwa wingi. Na dawa ya meno ikarudishwa nyumbani, kwa masharti ya mahali petu. Kiasi cha punje ya njegere kwa mtoto wa umri wake, na kama angekuwa hajafika miaka mitatu, chembe ya mchele. Asijipakie mwenyewe, kwani watoto hupenda utamu wake na kuimeza. Mara mbili kwa siku, na ile ya kabla ya kulala isikosekane kwa vyovyote. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki mdomoni ikifanya kazi. Mimi niliyekuwa nikimwambia mtoto asukutue hadi mdomo uwe safi kabisa nilikuwa nikiitupa dawa yenyewe katika karo. Kwa anayedhani haya ni anasa za watu wa mjini: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi, pamoja na saruji ile ya kujazia, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kazi ngumu ilikuwa kwa mama yangu. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Maji ya Chai, nikapita njia nzima nikitunga maneno, kwa maana ni vigumu kumwambia aliyekulelea mtoto bure kwamba malezi yake yalikuwa na walakini. Nilimkuta jikoni akipika makande, na pembeni ya jiko pakiti ya magadi. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa magadi ya kwetu, yale tunayotia katika makande na maharage yaive upesi, nayo yana floraidi nyingi. Watafiti wa meno nchini wameonyesha kwamba hata mahali ambapo maji hayana madini hayo kwa wingi, watoto walioishi kwa vyakula vya magadi walitoka na rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo jino?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akikoroga. Mama yangu ana duka dogo mbele ya nyumba, na nilipofika kwenye pipi na biskuti aliacha kukoroga.

"Basi mtoto akilia nimpe nini? Mawe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia daktari hakukataza vitu vitamu. Alisema vipewe pamoja na chakula, kwa mara moja, siyo mkononi mchana kutwa. Karanga zafaa, ndizi zafaa, maziwa bila sukari yafaa, na loshoro yake ambayo mtoto anaipenda kuliko chochote haina neno. Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Nanyi niliwanywesha maji hayohayo. Na wewe unaziba mdomo ukicheka. Naonaga."

Tulikaa kimya, ndugu msomaji, makande yakichemka. Nikamwambia hakuna mama aliyechagua mlima wa kukalia. Akajibu kwamba yupo mdogo wangu wa mwisho, na mkewe ana mimba, na wanakaa nyumba ya pili. Basi kama ni kweli hayo, tuanze na hao.

Tulianza nao. Kipo hapo jirani, Ngurdoto, kituo cha Wizara ya Maji kilichofanya utafiti wa kuondoa floraidi kwa miaka mingi, ambako walionyesha kwamba mkaa uliotengenezwa kwa kuchoma mifupa ya ng'ombe huinasa floraidi vizuri. Mifupa hiyo hubidi ichomwe kitaalamu, na mkaa huchoka baada ya muda, ukabadilishwa. Mtu asijaribu kwa kuni za jikoni. Kadhalika pale Tengeru, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio ambalo mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Lakini kwa nyumba ya mdogo wangu tulianza na kitu rahisi kuliko vyote: bati la paa, mfereji na tangi. Maji ya mvua hayakupita katika mwamba. Yakivunwa katika chombo safi na kuchemshwa, kila litakalotumika kwa uji na kunywa la mtoto katika miaka yake mitatu ya kwanza litatoka humo. Maji ya kisima ni ya kuogea na kufulia. Magadi mama ameyahamishia katika sufuria ya watu wazima.

Nami je, na gego langu? Hapo nilirudi peke yangu, maana karatasi yangu nayo ilipaswa kujazwa. Daktari alipouliza mara ngapi kwa siku naweka kitu kitamu kinywani, nilijibu mara tatu. Akaniomba nihesabu kwa siku mbili kwa uaminifu. Nilihesabu. Katika chumba cha habari chai huja saa tatu, huja saa nne na nusu, huja baada ya chakula, na zamu ya jioni ina birika lake. Mimi hutia vijiko vitatu. Na tatizo halikuwa hata vijiko hivyo. Mwandishi hanywi chai akaimaliza. Hupiga funda, huandika aya, hupiga funda jingine, simu ikilia chai husubiri. Kikombe kimoja chaweza kukaa mezani saa mbili. Kwa hesabu ya daktari nilikuwa nikilitia jino langu asidi tangu asubuhi mpaka gazeti lipelekwe mtamboni, miaka 10 na zaidi, kisha nikaenda kulalamika kwamba vizibo vya siku hizi si imara.

Nimehangaika kuacha sukari katika chai na nakiri sijafaulu yote. Nimebaki na vikombe viwili, vyote pamoja na chakula, na kinachokaa mezani ni maji. Vishimo vya meno yangu ya mbele daktari amevifunika. Kahawia ipo, hatukuigusa. Gego lilizibwa kwa mara ya nne. Nimekwisha kuitwa mara mbili kuangaliwa pembeni mwa kizibo, na mara zote mbili pamekuwa pagumu.

Mwanangu anaelekea miaka sita, na daktari alituonya kuwa gego la kwanza la ukubwani huchomoza umri huo, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka mbele yake. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto, wakaliacha lioze wakitumaini litaota jingine. Halioti jingine. Kwa hiyo kila usiku, baada ya mswaki, baba yake humulika tochi nami hutazama. Juzi Alhamisi niliona ufizi wa chini kushoto umepasuka kidogo, na katikati ya mpasuko ncha mbili ndogo za jino. Tumekwisha kupanga siku ya kupeleka mifereji yake izibwe kabla ukoga haujaizoea.

Ya mbele bado. Yatatoka atakapokuwa na miaka saba hivi, na yakitoka ndipo tutajua kisima kile kiliandika nini wakati nikiwa kazini. Nimemwuliza daktari kama lipo la kufanya kwa sasa. Amesema halipo. Mtoto mwenyewe anatikisa jino lake la mbele kwa ulimi mchana kutwa, ana haraka nalo, na akicheka anafungua kinywa chote.